Mbunge wa Tatu, Aliyeitwa Kimya

Hadi leo nikisikia sarafu ikikwaruza kadi, hata hizi za bahati nasibu zinazouzwa dukani hapa Hallunda, Sweden, narudi kwenye korido ya nyumba yetu ya ghorofa ya tano, enzi za kadi za simu. Baba akikwaruza, unga wa rangi ya fedha ukimwangukia kwenye soksi, kisha sote tukimsubiri yule mwanamke wa kwenye mashine atutajie dakika zilizobaki. Nilimhesabu kuwa mtu wa familia. Ndiye aliyetangulia kuzungumza kila tulipompigia Nyanya, mama yake baba, kule Kenya.

Nilikuwa na miaka kumi. Kabla ya likizo ya Krismasi mwalimu alitupa kazi: kila mtoto achague mahali, iwe ni hapa au walikotoka wazazi wake, aandike historia ya watu waliochaguliwa kupawakilisha bungeni. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe nilikuwa nimemfungulia baba bomba.

Baba alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Tumba, na kwa kawaida alirudi amechoka hata kula hawezi. Lakini siku ile alivuta kiti jikoni, akaomba chai, akaanza kunitajia wabunge wa jimbo lao tangu uhuru. Wa kwanza alikuwa mwalimu aliyefika mikutanoni kwa baiskeli, mguu wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo. Wa pili alijenga nusu ya daraja. Nusu ya pili mto bado unaisubiri. Wa nne alihama vyama mpaka watu wakawa wanamsalimu kwa kumuuliza, "Leo uko wapi, mheshimiwa?" Wa tano ndiye aliyekuwa akitetea kiti chake Krismasi ile.

"Na wa tatu?" nikauliza kwa Kiswidi, maana ndiyo lugha niliyomjibia siku zote.

Baba akacheka. "Huyo tulimwita Kimya. Miaka mitano bungeni hakufungua mdomo. Andika: hakufanya kitu."

Kisha, kwa fahari, akanieleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa bado shule ya upili, ndiye aliyetunga wimbo uliomwangusha yule mzee: *Hata mbuzi hulia, mheshimiwa je?* Uliimbwa jimbo zima, hata kanisani watoto walikuwa wakiunong'ona. Nikaandika, tena kwa wino: hakufanya kitu.

Uchaguzi ukafanyika. Matokeo yalipotangazwa, kule Kenya kukaharibika. Kwenye televisheni tuliona barabara ambazo baba alizijua zimezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na simu ya Nyanya haikupatikana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba alikwaruza kadi mpaka ukucha ukamuuma.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mama Furaha, alikuwa amekimbia vita Kivu, kule Kongo. Alipanda kila asubuhi na sufuria ya maharage, akaketi na mama, akaomba. "Simu kunyamaza haiko kifo, papa," alimwambia baba. "Mimi nilikaa miezi sita bila kusikia mama yangu, na alikuwa muzima. Courage, jipe moyo."

Siku ya nne, saa sita mchana, theluji ikianguka, simu ikalia. Namba ngeni. Baba akasikiliza, akaketi sakafuni katikati ya viatu, machozi yakimtiririka. Nikajua Nyanya amekufa. Nikakimbilia bafuni, nikajifungia, mpaka mama akaja kugonga mlango. "Toka, mwanangu! Yuko hai! Njoo umsikie!"

Sauti ya Nyanya, kupitia spika ya simu, ilijaa korido nzima. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na simu yake imebaki humo. Yeye na majirani wengi walikimbilia uani kwa Kimya. Vijana wenye mapanga walipofika langoni, mzee alitoka peke yake na fimbo yake. Aliwataja baba zao mmoja mmoja kwa majina, akasema, "Waleteni hao kwanza, wakiniambia nifungue, nitafungua." Vijana wakatazamana, wakaondoka.

"Leo ameongea," Nyanya akasema. "Hii ni simu yake. Nampa."

Baba akasimama kutoka sakafuni, akafuta uso, akafunga kifungo cha juu cha shati kana kwamba anaonekana. "Mheshimiwa, asante. Mimi ni..."

"Nakujua," sauti ya kizee ikamkatiza. "Wewe ndiye wa mbuzi."

Baba akakishika tena kile kifungo cha shati.

"Ulikuwa wimbo mzuri, kijana wangu. Hata mke wangu aliuimba jikoni akidhani simsikii."

Baba akacheka na kulia kwa pamoja. Mama akapiga vigelegele, na Mama Furaha akavisikia kutoka ghorofa ya pili, akapanda mbio akiwa na viatu visivyofanana. Sijawahi tena kula maharage matamu kama ya mchana ule. Usiku baba alilala saa kumi na mbili mfululizo, na kabla shule hazijafunguliwa alinisaidia kuandika upya ukurasa wa mbunge wa tatu.

Miaka michache baadaye nilimsindikiza kupiga kura za manispaa. Alisimama mbele ya karatasi za kura, kila chama na yake, akasoma majina ya wagombea moja baada ya jingine, mstari mrefu wa watu ukimsubiri nyuma. Niliona haya. "Skynda dig, baba," nikamnong'oneza, yaani afanye haraka.

"Ngoja," akasema. "Hawa ni watu. Hawa siwajui bado."

Nilidhani ni uzee unaanza. Leo, nikiingia chumba kile kile cha kura, nami nachelewesha watu.