Waturuki wa Mwalimu Mbinya

Neno lenyewe lina herufi tatu tu: "get." Mwalimu Mbinya alilifundisha miaka mingi katika shule ya msingi huku Mbooni bila kuliwaza hata siku moja, mpaka alipokutana na Waturuki.

Waturuki hao walikuwa wafanyakazi wa hoteli moja ya ufuoni huko Antalya: wapishi, wabeba mizigo, wanaotandika vitanda. Kila kiangazi hoteli yao hufurika Waingereza, na ukiwasikiliza Waingereza hao utadhani kwao waligawiwa kitenzi kimoja tu na wakaambiwa wajipange. Huyu anataka kuletewa taulo: get. Yule anauliza njia ya kufika sokoni: get. Mmoja amechomwa na jua, mwingine amelewa, bibi ameshikwa na mafua, bwana hajaelewa bili: get, get, get. Na Mturuki wa watu amesimama na trei mkononi, ametoa macho.

Mbaya wao alikuwa Shukru, mbeba mizigo mwenye masharubu mazito, mtu wa makamo. Kila somo aliuliza swali lilelile kwa upole uleule: hii ni almak, au ni olmak? Almak kwao ni kuchukua au kupokea, na olmak ni kuwa. Shukru alitaka aambiwe mara moja neno hili linaingia zizi gani, afunge mlango, akapumzike. Mbinya akimwambia leo ni almak, kesho Mwingereza atalitumia kwa kupanda basi, na kupanda basi kwa Kituruki ni neno lingine kabisa. Basi Shukru alikuwa akimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Na Mbinya hakuwa na pa kurudi. Shuleni alikuwa ameajiriwa na wazazi, na siku serikali ilipoleta mwalimu wake, wazazi walimwambia asante, wakampa leso. Akaenda mji wa Salama kwa dada yake Mbula, akauza machungwa kando ya barabara kuu. Mwalimu mzima, na diploma yake, anakimbia na mfuko kando ya lori linalotembea, huku dereva anamwambia ongeza moja, mama. Aliichukia kazi ile kutoka unyayo hadi utosi. Kwa hiyo alipopata kazi ya kuwafundisha Waturuki hao Kiingereza kwa simu, na kwa bahati saa ya Uturuki ni sawa na yetu, alifungasha siku hiyohiyo akarudi kwake Mbooni. Mumewe anafanya kazi bandarini Mombasa, huonekana Agosti na Krismasi. Nyumba ilikuwa kimya na mtandao ulikuwa mzuri, mradi ukae kwenye veranda upande wa tangi la maji.

Sasa Nurten, msimamizi wa wafanyakazi wale, alikuwa amemtumia ujumbe. Jumatano saa nne asubuhi angekaa mwenyewe darasani. Watu wake wakionyesha wamelielewa neno hilo, Mbinya angepewa darasa kwa mwaka mzima. Wasipoelewa, kulikuwa na kijana Mfilipino mwenye ubao mweupe na taa, angechukua nafasi. Mbinya alisoma ujumbe ule akasikia harufu ya machungwa.

Hapo inabidi turudi nyuma hadi Ijumaa, maana mtego ulitegwa Ijumaa. Siku hiyo Mbinya alikuwa anamfundisha Shukru peke yake, na kwa kuwa maneno yamemshinda, alitumia mwili. Akalala chini verandani, akainuka: get up. Akavaa koti la mumewe, akalivua, akalivaa tena: get dressed, get undressed. Wakati huohuo Sista Kanyiva, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa amekuja kuazima sufuria kubwa ya harusi. Akafika kwenye ua, akachungulia, akaona, akarudi bila sufuria.

Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba mke wa watu, bwana akiwa Mombasa, anamvulia mwanaume nguo kwenye simu. Kwamba nguo yenyewe ilikuwa koti, na kwamba chini ya koti kulikuwa na sweta, rinda na leso mbili, hilo halikusemwa. Umbea hauna nafasi ya kubeba sweta.

Basi Jumatano ikafika, somo likaanza, na likaanza vibaya. Mbinya alikuwa amechora chati nzuri sana kwenye karatasi ya manila, maana zote za neno lile zimepangwa kwa rangi, mishale inakwenda huku na kule. Waturuki waliiangalia chati kwa heshima wanayopewa wafu. Nurten aliangalia saa yake. Shukru akainua mkono, na Mbinya alijua kitu atakachouliza hata kabla hajafungua mdomo.

Ndipo hodi ikapigwa. Walikuwa watatu, wanahema kwa mlima: Mzee Mutunga wa kanisa, Sista Kanyiva, na Kaloki mkalimani. Mtu aliyepanda mlima ule mpaka kwako haambiwi subiri kidogo. Hata kama nyumba inaungua, unampa mkono, unampa kiti, unampa maji, halafu ndiyo unaulizana naye kuhusu moto. Mbinya akawaomba Waturuki dakika moja, akaiegemeza simu kwenye thamosi, akapokea wageni. Akawaeleza yuko kazini. Mzee Mutunga akasema ni kazi hiyohiyo iliyowaleta, na kwamba kabla ya mazungumzo wataomba.

Maombi ya Mzee Mutunga yana utaratibu wake. Yeye ni Mkamba, kanisa lake ni la Wakamba watupu, lakini jambo likiwa zito huomba kwa Kiingereza, na Kaloki husimama ubavuni akiyageuza kwa Kikamba. Ukiuliza faida yake utaambiwa Kiingereza kina upako, na kwamba mapepo makaidi hayashtuki ukiyaambia kwa lugha yaliyoizoea. Na mkalimani mzuri hageuzi maneno tu. Mzee akipiga mguu chini, naye anapiga. Mzee akilia, naye analia, hata kama ametoka kunywa chai.

Sista Kanyiva akaishika mikono ya Mbinya yote miwili, akaibana. Simu iko palepale kwenye thamosi, iko wazi, na kidole cha kuizima hakipo. Kujinasua katikati ya maombi, siku ile, mbele ya Kanyiva, kungekuwa ni kukiri kila kitu pamoja na kile ambacho hakikutendeka. Mbinya akafumba jicho moja, akaliacha la pili lifanye kazi.

Mzee akaanza: "Father, we get down on our knees!" Akaporomoka magotini, na Kaloki akaporomoka. "Get behind us, Satan!" Kidole gumba kikaelekea nyuma, na Kaloki akamsukuma shetani kwa mikono yote miwili mpaka ukutani. Mzee akamwambia Mungu we are getting old, akajishika kiuno akapinda, na Kaloki, ambaye hajafika miaka thelathini, naye akapinda. Akaomba mume wa huyu mama get home safely, na Kaloki akatembea kwa miguu kutoka Mombasa palepale alipo. Kisha sauti ikapanda. "Get her out of that telephone!" Mzee akavuta kama anayetoa ndama shimoni, Kaloki akavuta, jasho likawatoka.

Mbinya alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, chati na thamosi. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa unaombewa utoke nyumbani kwake. Lakini lile jicho lililobaki wazi likaona kitu kwenye simu. Waturuki walikuwa wameweka kalamu chini. Walikuwa wamefungua viganja mbele ya kifua, vichwa vimeinama, hata Nurten. Mzee alipofika mwisho na kutamka Amen, Antalya nzima ikaitikia "Amin" kwa kishindo, simu ikaanguka.

Mzee Mutunga akafumbua macho. Aliuliza nani amesema.

Mbinya akaiokota simu, akamweleza kwamba hao ni wanafunzi wake, wa kazi ya halali, na wamesikia yote. Kabla Mzee hajajibu, Shukru akasimama huko kwao. Akajishika kiuno, akapinda. "I am getting old," akasema, taratibu. Akanyoosha kidole gumba nyuma: "Get behind me." Akavuta sanduku la hewani kutoka kwenye teksi ya hewani: "I get it out." Hakuuliza kama ni almak wala olmak. Wenzake wakapiga makofi.

Nurten akazungumza na Mbinya kwa ufupi. Darasa ni lake, mwaka mzima. Sharti ni moja: wale wanaume wawili wawepo kila Jumatano. Chati ni nzuri, lakini hakuna aliyeielewa.

Ilimuuma. Miaka yote ile ya chaki, halafu anapitwa na mtu anayemsukuma shetani ukutani. Alitaka kuitupa simu ndani ya tangi. Kisha akakumbuka dereva wa lori na ongeza moja, mama, akawageukia watu waliopanda mlima kuja kumkanya.

"Mzee," akasema, "naomba urudi Jumatano. Na Kaloki."

Mzee Mutunga akakohoa. Akauliza kama watu wale wameokoka.

"Bado."

Akafikiri kidogo, akasema basi hiyo itakuwa huduma. Chai ikanywewa.

Jumatano iliyofuata Mzee alifika mapema mno, amefunga tai, na Kaloki nyuma yake. Kwa kuwa shetani alishasukumwa vya kutosha, Mbinya alimpa Mzee somo la Ijumaa ile. Mzee akalala chini verandani, akainuka. Akavaa koti la mume wa Mbinya, akalivua, akalivaa tena, akiwachekea Waturuki, na Kaloki akafanya vivyo hivyo na sweta yake. Walikuwa katikati ya kuvua wakati Sista Kanyiva, ambaye harusi aliyoitafutia sufuria ilikuwa imebakisha siku tatu, alipofika tena kwenye ua kuazima sufuria.

Akasimama. Akaona. Safari hii Mbinya alikuwa tayari amemwona. Akaingia jikoni, akaibeba sufuria, akampelekea mpaka langoni.

"Kawaambie kanisani, sista," akamwambia. "Uanze na mke wa Mzee."

Kanyiva akaipokea sufuria, akaiweka kichwani, akashuka nayo mlima. Jumapili hiyo alikaa kiti cha nyuma, akaimba nyimbo zote, na hakumwambia mtu chochote.