Chanjo Kati ya Samaki

Mpaka leo nikiona samaki wa barafu, hasira inanipanda.

Binti yangu alipandikizwa uboho huko India, wa kaka yake, ili apone selimundu. Alirudi Kisangani na nywele fupi na kinga iliyofutika kabisa. Zile chanjo zote za utotoni ni kama hakuwahi kuchomwa. Daktari alisema waziwazi kwamba asirudi darasani kabla ya kupata chanjo ya mafua. Watu walinicheka. Mafua tu? Kila mgeni alitaka kugusana naye vichwa, upande huu na upande ule, kama tunavyosalimiana hapa, huku makamasi yanamtoka, na nikimzuia nanuniwa mimi.

Chanjo yenyewe hapa haipatikani. Iliagizwa Kinshasa, ikaja kwa ndege ndani ya kisanduku cha baridi, siku ambayo mtaani kwetu umeme umekatika, na muuguzi angekuja kesho yake. Nikampelekea dada yangu mkubwa, anayeuza samaki wa barafu na ana jenereta yake. Nikamwambia aiweke kwenye frigo, chini, pamoja na vinywaji. Nikarudia. Akaniitikia kama anavyoitikia wateja.

Asubuhi binti yangu alivaa sare ya shule ili achomwe akiwa nayo. Dada akaleta kisanduku. Muuguzi alikifungua, akaitazama sindano kwenye mwanga, akairudisha.

"Mama, hii ilishaganda. Ikiganda haifanye kazi tena. Iko ya kutupa."

Nikamgeukia dada.

"Bon, frigo inabaridisha kidogo tu," akasema. "Niliiweka mu congélateur, katikati ya samaki, penye baridi ya kweli. Samaki yangu haiozake."

Ndivyo alivyo. Ukimwomba kidogo anakupa kingi, hata kama hicho kingi kinakuumiza. Nilitaka kumfokea, lakini kwetu mdogo hamfokei yaya, mkubwa wake, na tayari alikuwa analia. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze, na hilo lilinikera kuliko yote.

Nikapiga simu Kinshasa. Yule mtu aliyeituma akaniambia nisubiri, itafutwe nyingine, kama vile nimepoteza mzigo wa vitenge.

Kesho yake watoto wa jirani walipita wakienda shule. Binti yangu alikuwa dirishani, barakoa usoni, akiwapungia mkono. Alikuwa amevaa tena ile sare, na sikuweza kumwambia avue.