Fundi aliyechapa nukta zisizosomeka

Saa mbili asubuhi, printa inagonga katika chumba kidogo cha shule ya msingi nje ya Lagangabilili, wilayani Itilima. Inagonga hasa, kwa sababu haitumii wino. Inafinya karatasi nene na kuacha nukta nundu, zile zilizovimba zinazosomwa kwa vidole na wasioona. Fredrick Bujiku (41), fundi kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi ya Bariadi, anachana ukurasa wa kwanza na kumkabidhi Joyness, mwanafunzi wa darasa la tano asiyeona.

Joyness anapitisha vidole na kusoma kwa sauti habari za mvua na mawingu mpaka mwisho wa ukurasa. Ndipo Fredrick anaketi. Hakubali kuketi kabla ya hapo, na ana sababu.

Printa hiyo shule ilipewa zamani, pamoja na programu ya kugeuza herufi kuwa nukta, ambayo mwalimu mmoja, sasa amestaafu, aliifundisha Kiswahili. Programu mpya walizojaribu shuleni hapo zilivuruga maneno, kwa hiyo waliing'ang'ania ile ya zamani yenye skrini nyeusi. Mwaka huu kompyuta yake ikafa. Ikaletwa mpya, nayo haikuitambua programu wala haikuwa na tundu pana la kuchomekea waya wa printa.

Fredrick akaitwa.

"Nilikuja na kichwa kikubwa," anasema. "Bariadi kitu kikigoma, wanasema mwiteni Fredi. Nikajua hapa ni kugusa tu."

Kusema haki, kazi aliifanya. Alitafuta waya wa kuunganisha printa ya zamani na kompyuta ya kisasa, akaweka programu ndogo inayoifanya kompyuta mpya ijione ya zamani, na kufikia alasiri printa ikaanza kugonga. Nukta zikatoka zimenyooka mistari. Akapiga picha na kuiweka kwenye status ya WhatsApp. Walimu wakamchinjia kuku, naye akala mpaka akalegeza mkanda.

Kukagua kwake kulikuwa kutazama. Nukta nundu hazijui hata moja. Wanafunzi wasioona wanaozijua walikuwa pale barazani wakisikia anavyosifiwa, na hakuna aliyepewa karatasi ashike.

"Haikunijia kabisa," anasema, na sauti inapungua. "Niliwaona ni watoto wa kusaidiwa. Kwamba mmoja wao angeweza kunikagua mimi, hapana. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko hata printa."

Tatizo lilikuwa dogo. Mfumo wa kompyuta mpya ulikuwa unazipokea herufi na kuzibadilisha kwanza, ndipo unazituma kwa printa. Nukta zilitoka, lakini hazikuwa neno lolote. Klementina Januarius, mwalimu pekee wa shule hiyo anayesoma nukta nundu, alikuwa Mwanza akimuuguza mama yake.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mtahiniwa asiyeona alikuwa mmoja tu, Shida Mayige (14), kutoka Sola, wilayani Maswa.

Shida alipapasa ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza. Muda ukaisha hajaandika kitu. Msimamizi alipomuuliza, hakusema karatasi ni mbovu. Alikuwa amemsikia mtu mzima, fundi wa mjini, akishukuriwa kwa kazi hiyo, na mtoto aliyelelewa kwa adabu ya kwao hamkosoi mkubwa. Alisema vidole vyake vimesahau kusoma.

Baba yake, Mayige Salu, akaja kumchukua. Majirani walikuwa wamemwambia tangu mwanzo kwamba kumsomesha asiyeona ni kujisumbua bure, na safari hii hakuwa na la kuwajibu. Tangu siku hiyo Shida yuko nyumbani, na mtihani wa taifa ni Septemba.

Klementina aliporudi, alichukua karatasi moja, akaitazama, akampigia fundi simu palepale. Alikuwa na swali moja tu.

"Fundi, ulimpa nani asome?"

Fredrick akafunga kibanda, akaenda. Alipofika shuleni, kurekebisha hakukumaliza hata asubuhi moja. Aliuzuia mfumo usiziguse herufi, zikapita kama zilivyo. Wepesi huo unamuuma mpaka leo.

Mwalimu amekwisha kumpigia baba mtu na kumweleza yote. Mzee Mayige alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema walimu huwatetea watoto kwa huruma. Kama kosa ni la fundi, mbona fundi mwenyewe hajasema?

Fundi alijaribu. Alikwenda Sola kwa pikipiki, akamwona Shida uani akichambua pamba na mama yake, akasimama njiani. Mama mmoja aliyekuwa akipita alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akamuuliza anamtafuta nani. Fredrick akasema amepotea njia. Akageuza pikipiki.

Jumamosi hii anakwenda tena, pamoja na Klementina. Atabeba mtihani uleule uliochapwa upya, Shida ausome mbele ya baba yake, na anaomba Mungu jioni warudi naye shuleni. Mwalimu alijitolea kuwa msemaji, yeye akakataa. Anasema atalisema kosa lake kwa mdomo wake, kwa Kisukuma, na majirani wasikie.

Mzee Mayige akifoka, anasema, atavumilia. Anayemwogopa ni Shida.

"Yule mtoto ana adabu. Akisikia tu sauti yangu, atapiga magoti aniambie shikamoo," anasema Fredrick. "Sasa mimi hiyo marahaba nitaitoa wapi?"