Nimefunga, Mama

Wakuu, mshawahi kupanda gari Kibondo mpaka Kasulu ili mkale tu?

Mimi nimepanda. Na niliyemkuta huko alinifanya nimeze mwiba wa samaki.

Nauza chipsi Kibondo. Nilikuwa namtaka Careen wa kwaya, nimempenda hadi nakaanga viazi vinaungua. Shida mama yake, Mama Philomena, kiongozi wa maombi, anayefunga kila Ijumaa.

"Binti yangu hachukuliwi na mtu asiyefunga," alisema.

Mimi na njaa hatuelewani kabisa.

Jumatano jiko langu likapasuka. Mama Philomena akapita, akakuta meza tupu.

"Mwakeye, Majaliwa. Mbona hukaangi?"

"Mwakeye, mama. Nimefunga mpaka Jumamosi."

Nilimaanisha biashara jamani!

"Yewe Mana! Mpaka Jumamosi? Kumbe Careen kapata mtu wa Mungu!"

Ningesemaje? Nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Jioni mtaa mzima ulishajua. Nikitaka andazi, naambiwa, "Kaka, si umefunga?" Hata karanga nilinyimwa.

Ijumaa nikadandia gari la Kasulu, ambako hakuna anayenijua. Mgahawa wa uchochoroni, ugali na samaki mgebuka. Chakula sikukiombea, nisije nikamshtua Mungu.

Tonge la kwanza tu, mhudumu akapaza sauti:

"Mama wa Ijumaa! Supu kama kawaida?"

"Eee, mfupa mkubwa. Fanya haraka, nawahi maombi."

Sauti hiyo naijua!

Nikageuka. Mama Philomena, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, mashavu yamejaa chapati.

Mwiba ukapita hapohapo. Nikajua Careen ndo basi tena.

Akameza. "Majaliwa, umefuata nini huku?"

"Nimefungua, mama."

"Umefungua?"

"Tawi. La chipsi. Na wewe, mama?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Yuko wapi?"

Akaitazama supu ya mbuzi iliyokuwa inaletwa.

"Huyo hapo. Kazidiwa."

Tulicheka mpaka mhudumu akakimbilia jikoni. Kisha mama akashusha macho.

"Sogea hapa, mkwe. Tuombee chakula."

Mkwe! Nikafumba macho, nikaomba: "Baba uliye Kibondo... kumbe na Kasulu upo."

Yeye ndiye aliyeitikia amina kwa machozi.

Siku hizi Ijumaa tunafunga kweli, kila mmoja akimchunga mwenzake. Careen, mke wangu sasa, anashangaa tunavyopendana.

Ndugu zangu, wilaya utavuka, ila Mungu humwachi stendi. Ukisema umefunga, funga. Na kama ni biashara, taja biashara mapema.