Jukwaa la Roketi Jikoni Kwetu, Vällingby

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nilidhani yeye na binti yangu wataongea mpaka wachoke. Haikuwa hivyo. Binti yangu amezaliwa hapa Stockholm. Kiswahili anakielewa, ila kukisema anaona haya, kwa hiyo hujibu kwa Kiswidi, na mama Kiswidi hajui hata salamu. Walikaa meza moja wakitabasamiana kama watu waliokutana hospitalini, mimi katikati natafsiri.

Ikafika likizo ya vuli, shule zikafungwa. Nikawaacha wao wawili nyumbani nikaenda kazini Kista, mtaa mwingine wa jiji, roho juu juu, maana mama ana presha. Nilipotoka kwenye mkutano nikakuta binti yangu amenipigia simu mara nyingi. Nikapiga. Haikupokelewa. Nikarudia, kimya.

Sikumbuki nilimuaga nani. Kwenye treni nilisimama mlangoni ingawa viti vilikuwa vitupu. Nilikuwa tayari nawaza nitawaambiaje ndugu zangu Tanga. Kutoka stesheni nilikimbia.

Nikafungua mlango, nikasikia sauti ya mama jikoni: "Taratibu mjukuu wangu, isianguke!"

Walikuwa wameketi sakafuni, beseni langu la kufulia katikati yao. Binti yangu alikuwa ametengeneza kwa maboksi roketi ya Kirusi, ya aina ile iliyompeleka mtu wa kwanza angani, ili akawaonyeshe wenzake shule ikifunguliwa. Mikono minne ya jukwaa lake ilikuwa imevunjika, basi mama aliishika roketi kwa vidole vyake, ikielea juu ya beseni.

"Mbona hupokei simu?" nikafoka.

"Iko chumbani, inachaji. Nilitaka kukuuliza neno tu, mama. Bibi anauliza hii inaitwaje." Alisema kwa Kiswahili, akionyesha vipande vilivyovunjika.

"Jukwaa," nikasema. "Jukwaa la kurushia roketi."

"Jukwaa. Bibi, roketi haisimami juu ya jukwaa. Inaning'inia. Mikono inaishika kiuno. Ikianza kupanda, mikono inafunguka, kama ua."

"Na hapa kwenye beseni?"

"Hilo ni shimo. La moto."

"Sasa moto ukipanda, wale watu waliomo ndani?"

"Siku moja ulipanda. Si roketi hii, ni ndugu yake wa baadaye. Ilishika moto hapo hapo kwenye jukwaa, haijaondoka. Lakini kichwani ilikuwa na roketi ndogo. Ikavuta chumba chao, ikawapeleka mbali. Halafu ile kubwa ikapasuka."

"Wakapona?"

"Wote wawili, bibi."

"Alhamdulillahi!" Mama akashusha pumzi kana kwamba watu hao ni majirani zake.

Nikaketi pale pale na koti langu, machozi yakanitoka.

"Wewe, kulikoni? Nani kafa?"

"Hakuna, mama," nikasema, nikicheka. "Hakuna aliyekufa."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Binti yangu alianza kuhesabu kutoka kumi kurudi nyuma, akakwama kwenye saba, bibi yake akamnong'oneza sita. Walipofika moja, vidole vikafunguka, na mtoto akaipandisha roketi hadi karibu na taa, akinguruma kwa mdomo.

Mama akasema haya, sasa ni zamu yake kurusha.