Sifuri Niliyoiweka kwa Haraka

Nilikosea, na kosa langu akabebeshwa mama yangu mdogo. Shahada yangu imetundikwa ukutani miaka yote hii. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, na dawa za wadudu zikaanza kuletwa Bariadi na kila mwenye gari. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa katika maabara ndogo iliyozipima. Mashine yetu ilipitisha mwanga usioonekana kwa macho ndani ya kichupa cha sampuli, ikasoma kiasi kilichonyonywa. Sumu ikiwa nyingi, mwanga mwingi hunyonywa.

Lakini kwanza mashine huwekwa sifuri kwa kimiminika kilekile kinachobeba dawa, kikiwa hakina dawa. Siku moja ililetwa dawa iliyobebwa na mafuta. Mafuta matupu sikuwa nayo, na mfanyabiashara aliyeileta alikuwa mlangoni akichezea funguo za gari.

"Msomi, funza wa pamba hawasubiri! Au unawapima na wao?"

Nikaweka sifuri kwa spiriti tuliyoyeyushia sampuli. Namba ikatoka nzuri mno. Ee Mungu wangu! Mafuta yenyewe hunyonya mwanga uleule! Nilipima mafuta, nikaandika sumu, nikagonga muhuri.

Dawa ile ilifika kijiji cha Kasoli kwa baba yangu mdogo. Aliinunua kwa kuiona saini yangu. Mkewe, mama mdogo, ndiye aliyepuliza shamba. Funza wakatoboa vitumba vyote.

Baba mdogo akaniita. Juma hilohilo nilikuwa nimepata mafuta matupu, nikarudia kipimo: namba ilianguka karibu na sifuri, dawa ilikuwa karibu haina sumu. Karatasi ya majibu ilikuwa mfukoni mwangu.

Hata salamu ya mwangaluka sikuimaliza. Baba mdogo alinisimamisha katikati ya pamba, majirani wakiwa wametuzunguka.

"Wewe ndiye uliyepima. Dawa ilikuwa mbovu, au huyu alipuliza njia tu?"

"Nilipita kila mstari!" mama mdogo akasema. "Kiulizeni kiuno changu!"

Wote wakanigeukia. Mkono wangu uliigusa karatasi. Niliiona ajira, niliuona usomi wangu ukichekwa.

"Dawa ilikuwa nzima," nikasema.

Baba mdogo akacheka bila furaha. "Kumbe nimeoa mtu wa kunyunyizia upepo!"

Jina likamganda. Mama Upepo! Kisimani Mama Upepo, gulioni Mama Upepo. Bomba la dawa hajalishika tena hadi leo.

Baba mdogo ametutoka akiamini hivyo. Mama mdogo yupo, na nikienda kumsalimia hunishika mikono miwili.

"Mwanangu, unisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu. Labda kweli niliruka mistari."

Labda kweli! Yeye aliyepita kila mstari!

Ninyi mnaosaini majibu ya mashine, rudieni sifuri hata mlango ukigongwa. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, kabla mliyemsingizia hajaanza kuamini kwamba ni yeye.