Mkono wa Daktari wa Kijapani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika patasi wala tupa. Nilipewa nyundo ndogo na rundo la mawe, nikaambiwa nigonge na nisikilize. Ilikuwa Tabaka, huko kwetu Gusii, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimetoka Ekerenyo nimevaa koti langu la harusi, nikidhani kuchonga mawe ni kazi ya kukaa kivulini. Msimamizi wa machimbo, mzee mfupi aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, alinikagua kuanzia kola hadi viatu.

"Jiwe zima linalia," akaniambia. "Yenye ufa inakohoa. Ikikohoa, tupa huko."

Niligonga hadi alasiri. Jioni alichukua mawe matano niliyoyapitisha, akayagonga moja moja, akatupa manne. Lile koti sikulivaa tena kazini.

Ninyi mnaochonga sasa kwa mashine, tembo arobaini wanaofanana kama sahani, labda hamjui kwa nini tulisumbuka hivyo. Jiwe la sabuni likitoka ardhini lina unyevu na linakatika kwa panga kama muhogo. Likikaa juani linakauka na kuwa gumu, na kama lina ufa ndani, linapasuka siku ile ile unayomalizia pua. Ndiyo maana kazi ilianza masikioni. Baada ya hapo panga lilitoa umbo, kisu na patasi vikatoa sura, tupa ikasawazisha, kisha sanamu ikaenda kwa waoshaji. Hao walikuwa wanawake waliolisugua jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji, wakalikausha, wakalipaka nta likang'aa.

Nilikaa machimboni miaka miwili, nikahamishiwa banda la kuchongea pale pale Tabaka, kisha nikapelekwa Kisii mjini, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya duka la ushirika wetu. Aliyenipeleka ni Mwenyekiti, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyetembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Kule mjini nilipata meza yangu mwenyewe karibu na dirisha. Mchongaji wa siku zile akipata meza yenye dirisha alijiona amefika, nami nilijiona hivyo bila aibu.

Mwoshaji wangu aliitwa Mama Bosibori. Sijapata mwingine kama yeye. Alibana jiwe katikati ya magoti na kusugua kwa mkono wa kulia tu, huku wa kushoto ukiwa ndani ya leso aliyojifunga begani. Sote tulijua ulikuwa umeungua utotoni. Miaka mitano tulifanya kazi bega kwa bega, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutaja. Kwetu Gusii tuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, inayokukataza kutaja au kutazama jambo linaloweza kumwaibisha mwenzako. Akiinama kuokota beseni, nilitazama dirishani. Nilijiona muungwana kwa kufanya hivyo.

Katikati ya miaka ya sabini alikuja Mhandisi. Alikuwa Mjapani, mtu mkimya wa makamo, aliyeletwa kusaidia mambo ya maji ya mji. Alikuja dukani mara tatu akitazama tu, na mara ya nne akaingia karakana na bahasha ya picha.

"Mimi nataka watu wakubwa wa nchi yangu," alisema kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni. "Wachongwe kwa jiwe la hapa. Nitakaporudi nyumbani, nitawaweka katika shule ya kijiji changu."

Walikuwa watano. Alikaa nasi siku nzima akitueleza mmoja baada ya mwingine, na mimi sijawahi kusoma shuleni somo tamu kama lile. Kulikuwa na fundi wa chai wa zamani, aliyewafundisha watawala kunywa chai katika chumba kidogo chenye mlango mfupi, ili hata jemadari aingie ameinama. Mwishowe mtawala yule yule aliyemtumikia akamwamuru afe. Sisi ni watu wa chai, lakini hatukujua kwamba chai imewahi kumfikisha mtu huko. Kulikuwa na mama wa ikulu aliyeandika hadithi ndefu karibu miaka elfu moja iliyopita. Kulikuwa na mshairi aliyezunguka nchi kwa miguu, na jemadari aliyengoja zamu yake hadi uzeeni ndipo akatawala.

Wa tano alikuwa daktari. Alipokuwa mtoto mchanga aliangukia motoni, Mhandisi alisema, na vidole vya mkono wa kushoto vikashikana. Akasoma, akavuka bahari, akawa mtafiti mkubwa wa magonjwa, na akafia huku kwetu Afrika, upande wa magharibi, akitafiti homa ya manjano iliyomuua yeye mwenyewe.

Nilimsikia vizuri sana. Pia nilimwona Mama Bosibori akivuta leso yake mbele zaidi.

Nilichonga wale watano kwa wiki saba, kwa jiwe la rangi ya waridi nililolichagua kwa masikio yangu mwenyewe. Nilipofika kwa daktari nilimpa mikono miwili mizima, vidole kumi, amesimama kama mhubiri. Sikusahau. Nilifikiri: huyu ni mtu mkubwa, amekufa mbali na kwao, nani ataanika kilema chake mbele ya watoto wa shule? Na mwoshaji wangu je, nimpe jiwe lenye mkono kama wake alisugue siku nzima? Niliona nimefanya jambo la adabu pande zote mbili.

Mhandisi alikuja akiwa na furaha. Alizunguka wanne wa kwanza akitingisha kichwa kwa kuridhika, akamgusa mshairi kwenye kofia ya nyasi. Kwa daktari alisimama muda mrefu.

"Mkono huu si wake," akasema.

Mwenyekiti akaruka kunitetea. "Bwana, kwetu hatuonyeshi kilema cha mtu wa heshima."

"Mama yake alitoka nje kidogo, mtoto akaanguka," Mhandisi alisema polepole. "Mama alijilaumu maisha yake yote. Alibeba mizigo kama mwanamume ili mtoto asome, kwa sababu mtoto hataweza jembe. Kisha watu walimsaidia, daktari akavitenganisha vidole. Siku hiyo mtoto alisema, na mimi nitakuwa daktari. Mkono ukiwa mzima, mimi simjui mtu huyu." Akainamisha kichwa. "Naondoka Jumapili. Nitachukua wanne."

Ilikuwa Jumatatu. Alipotoka, Mwenyekiti alinigeukia na mwavuli wake.

"Nyakundi, hiyo sanamu ya daktari itoke kabla ya Jumapili. Ikikushinda, hiyo meza ya dirisha nitapea mtu mwingine. Wewe utarudi machimbo ukagonge mawe."

Nilianza jiwe jipya siku ile ile. Mwili haukunisumbua, ila mkono ulinishinda. Sikujua moto hufanya nini kwa vidole. Jumatano nilitoa kitu kama tangawizi. Alhamisi nikatoa kitu kama kwato, nikakivunja kwa nyundo. Ijumaa asubuhi nilibaki na jiwe moja tu zuri, na sisi Wasabato tulipaswa kuweka vifaa chini kabla ya jua kuzama. Mkono niliouhitaji ulikuwa hatua nne kutoka mezani pangu, ndani ya leso. Ningewezaje kumwambia mwanamke aliye sawa na mama yangu, nionyeshe? Heri machimbo. Nilishaanza kukusanya tupa zangu na kuzifunga kwenye gunia.

Mama Bosibori aliacha beseni lake, akaja, akavuta kiti cha wageni na kuketi mbele yangu. Akaifungua leso. Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza, kwenye mwanga wa dirisha.

Nikageuza uso.

"Unaangalia nini huko nje?" akaniuliza. "Ng'ombe wa nani?"

"Mama, hapana. Si lazima."

"Momura, kijana wangu, mimi nilikuwa na miaka miwili. Mama yangu alienda mtoni kuchota maji. Mpaka anakufa hakuwahi kuangalia huu mkono tena. Bwana yangu haangalii. Wewe miaka yote hii unaangalia dirisha. Watu wote wako na heshima sana." Akausukuma mkono karibu zaidi. "Mimi nimechoka na hiyo heshima. Angalia, ufanye kazi."

Nikatazama. Kwanza kwa macho, kisha, aliponiambia, kwa vidole vyangu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelala kwenye kiganja na kushikamana nacho. Ngozi ilivutika kuelekea kwenye kifundo, laini na yenye kung'aa kuliko chochote tulichowahi kupaka nta. Dole gumba lilisimama peke yake. Nilichonga naye ameketi pale, mara akinisahihisha, mara akinicheka. "Hapo umenipunguzia. Ongeza." Ilipofika saa kumi alilichukua jiwe, akalitia majini na kulisugua mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alilishikilia kwa mkono wa kushoto. Jua lilipokaribia kuzama tulikuwa tumefunika meza, daktari akiwa kamili.

Jumapili asubuhi Mhandisi alifunuliwa sanamu. Aliutazama ule mkono wa jiwe, akainua macho na kuuona ule wa nyama, ukiwa umetulia juu ya goti la Mama Bosibori, bila leso. Alielewa. Akamwinamia hadi mgongo ukalala kama meza.

"Ananisalimia kama mimi ndio daktari," Mama Bosibori alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Muulize. Huyo mtoto, alisamehe mama yake?"

Mhandisi hakuhitaji mkalimani. "Alirudi nyumbani baada ya miaka mingi, akiwa mtu mkubwa. Akasafiri na mama yake, na katika karamu, mbele ya watu wote, alimlisha mama yake chakula kwa mkono wake."

Mama Bosibori aliugeuza mkono wake juu ya goti. "Mimi pia nilisamehe wangu," alisema. "Zamani sana. Lakini sikumwambia. Na yeye hakuuliza."

Nililia, nasema wazi, na Mwenyekiti alifungua mwavuli wake ndani ya nyumba bila sababu yoyote.

Meza ya dirisha ilibaki yangu hadi nilipostaafu. Nilichonga viboko, vibao vya sataranji, Mariamu na mtoto, wakubwa wa serikali waliotaka matumbo yapunguzwe. Sikumpunguzia mtu tena kitu bila kumuuliza. Sasa niko Ekerenyo, nina chai kidogo na migomba, na vidole vyangu vimekakamaa kwa miaka ya maji na vumbi. Nikipita kwenye mawe ya barabarani bado nayagonga kwa fimbo kusikiliza kama yanakohoa. Mke wangu ameshazoea.

Mama Bosibori alitutoka nikiwa nimeshastaafu. Baada ya matanga binti yake, Bosibori mwenyewe, alikuja kwangu kutoka Kebirigo na picha ya mama yake amevaa leso. Aliomba nichonge sanamu moja ya mwisho.

"Mkono wa kushoto haiko kwa picha," alisema akitazama pembeni. "Alikuwa anaficha, hata sisi watoto. Sijawahi kuushika."

"Kazini aliacha kuuficha," nikamwambia, nikamsimulia habari ya daktari, ya Ijumaa ile, na maneno aliyosema mama yake juu ya bibi yake mzaa mama.

Nilichukua miezi miwili. Uso niliuchonga kwa kutazama ile picha. Kwa mkono sikuhitaji picha. Bosibori alipokuja kuichukua, alikuta sanamu yote inang'aa isipokuwa mkono huo, niliouacha na alama za tupa. Nilimwekea beseni la maji na msasa, nikampa kiti. Akaketi, akaliweka jiwe katikati ya magoti, akaushika mkono wa mama yake na kuanza kusugua.

Safari hii sikutazama dirishani.